Foleni ni ya nani? Jibu kwa dada wa Kirumba kuhusu teksi za kwetu na za wenzetu

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo hapa Kirumba, Mwanza. Nikitaka teksi nampigia dereva wangu, tunapatana, napanda. Mdogo wangu anayesoma London ananiambia kule kupatana hakuna, mashine ndiyo inayosema. Miezi ijayo natarajia kwenda Kampala, halafu Dubai na Guangzhou kufuata mzigo. Naomba unieleze kwa nini huduma hii inatofautiana hivi nchi na nchi, na mimi nisiyejua lugha za watu nitajikinga vipi nisipigwe?"

Jibu: Dada, wewe na mdogo wako nyote mmesema kweli, kila mmoja kwa mji wake. Watu wakilinganisha teksi za nchi mbili huwa wanatazama gari: rangi, kiyoyozi, dereva kavaa tai au hajavaa. Hayo hayakusaidii kitu ukiwa umesimama na begi nje ya uwanja wa ndege saa nane usiku. Mimi nauliza maswali mawili tu. Bei inajulikana lini, na foleni ya barabarani ni ya nani, yaani hasara yake inamwangukia nani? Ukishapata majibu ya hayo, umeielewa teksi ya nchi yoyote, hata kama wewe na dereva hamsikilizani neno.

Tuanze nyumbani, maana kwetu ndiko tunakudhania tunakujua. Umeshuka basi Nyegezi alfajiri, una mabegi mawili, dereva kakuwahi kabla hujakanyaga chini.

"Dada, teksi? Twende."

"Kirumba shilingi ngapi?"

"Kirumba kule Mwaloni? Nipe ishirini."

"Ishirini! Mimi mwenyeji bwana. Kumi."

"Dada yangu, mafuta unayajua yalivyo, na kurudi narudi mtupu. Lete kumi na tano, mabegi napakia mwenyewe."

Hiyo kumi na tano ni mfano tu, usinishike nayo. Ila tazama kilichomo ndani. Kuna mafuta, na ni ya njia mbili, kwa sababu dereva wa kijiwe cha Nyegezi akishakushusha Kirumba hawezi kuegesha pale akasubiri abiria. Kijiwe cha Kirumba kina wenyewe, wana zamu zao na mwenyekiti wao, na mgeni akipakia hapo lazima patokee maneno. Kwa hiyo anaposema anarudi mtupu, mara nyingi si uongo. Halafu kuna hesabu ya tajiri. Madereva wengi hawamiliki gari wanaloendesha. Kila siku au kila wiki wanapeleka kiasi walichokubaliana, wapate abiria wasipate. Kuna na njia yenyewe: abiria wa Kirumba barabarani si sawa na wa Bugarika kule juu ya mawe, ambako gari linapanda kwa gia ya kwanza au linakuacha chini ukamalizie kwa bodaboda au kwa miguu. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chake.

Mkishapatana, basi. Mkikwama Mkuyuni nusu saa, hasara ni yake. Bei imejulikana kabla, foleni ni ya dereva. Na kwa kuwa analijua hilo, foleni ameshaiweka ndani ya bei tangu mwanzo, hata siku ambayo barabara ni nyeupe.

Hesabu ndiyo inayofanya dereva yuleyule awe mgumu saa nne asubuhi na mlaini saa moja jioni. Asubuhi anamtafutia tajiri. Jioni, hesabu ikishatimia, kila kinachoingia ni chake na hawezi kugombana na wewe kwa elfu moja. Siku ikiwa mbaya mambo yanageuka: jioni ndipo anapokuwa mkali, maana giza linaingia na hesabu haijafika. Deiwaka, yule anayeshikia gari la mwenzake kwa siku moja, ana haraka kuliko wote, kwa sababu ana watu wawili wa kuwaridhisha kabla hajala.

Ukitaka kuona jinsi muda wa kusubiri unavyojificha ndani ya bei, fikiria safari ya Sengerema. Zamani teksi ya Mwanza ikienda huko ilipanga foleni Kigongo, ikangoja kivuko, ikavuka hadi Busisi, na kurudi ni hivyo hivyo. Dereva akikutajia bei alikuwa anakuuzia na ule muda wa kukaa kando ya ziwa akila mahindi ya kuchoma. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, urefu wake takribani kilomita 3, na kusubiri kukaisha. Ukipatana safari hiyo leo na dereva bado anakutajia kivuko, mkumbushe daraja.

Na wale wanaosema kwamba bei kupanda watu wakiwa wengi kumeletwa na programu za simu za kuitia teksi, nadhani hawajawahi kushuka meli Nansio, kisiwani Ukerewe. Meli ikifunga gati, abiria wote wanataka usafiri kwa wakati mmoja, na bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake anakutajia bei ambayo asubuhi asingethubutu. Baada ya saa moja gati ni tupu na bei imerudi palepale. Hakuna kompyuta iliyomfundisha.

Sasa, kwa nini hatuna mita, ile mashine ya kuhesabu nauli anayoisema mdogo wako? Kifaa chenyewe si cha ajabu. Mjerumani Friedrich Wilhelm Bruhn aliibuni mwaka 1891, wakati abiria wa mijini bado wanavutwa na farasi. Ugumu uko kwenye vinavyoizunguka. Awepo wa kupanga nauli na kuibadilisha kila mara, maana hapa kwetu EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Awepo wa kuikagua na kuifunga lakiri isichezewe. Tena teksi zote ziwe zimesajiliwa. Mwanza, kando ya teksi yenye namba nyeupe ya biashara na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, lipo gari la mtu lenye namba ya njano linalopiga kazi hiyohiyo kimyakimya. Mfunge mita yule wa kwanza, na wa pili atawachukua abiria wake kwa kupatana.

Lakini sababu kubwa mimi naiona kwingine. Mita inawafaa watu wasiojuana. London au New York unapungia mkono gari usilolijua, na dereva yule hutamwona tena maishani. Wewe una namba ya dereva wako. Anajua duka lako, anajua ukirudi safari unakuwa na mizigo, na anajua akikupiga leo kesho utampigia mwenzake. Hofu hiyo inafanya kazi ya mita, na kwa mtu kama wewe inaifanya vizuri. Anayeumia ni asiye na dereva wake: mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege, au baba anayemkimbiza mtoto hospitali ya Bugando saa tisa usiku na hana hata nafasi ya kusema "punguza". Hapo kupatana kunakuwa kunyang'anywa. Watu wa usafirishaji hupenda kuutetea mfumo wetu kwa kusema soko lenyewe linajirekebisha. Saa tisa usiku, na mgonjwa kiti cha nyuma, hakuna soko.

Nenda London sasa, umwelewe mdogo wako. Teksi nyeusi ya kule nauli yake imepangwa na mamlaka ya usafiri ya jiji, na mita inaonekana mbele ya abiria. Dereva hajapewa leseni kwa kujua usukani tu. Tangu mwaka 1865 wanafanyiwa mtihani wa njia unaoitwa Knowledge: mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili 6, yaani karibu kilomita 10, kutoka Charing Cross katikati ya jiji, pamoja na hospitali, hoteli, mahakama na vituo vya reli, vyote kichwani. Wengi hutumia miaka mitatu au minne kuumaliza. Utawaona mtaani juu ya pikipiki ndogo, karatasi ya njia imebanwa kwenye usukani, wanakariri.

Kitu ambacho kingewapendeza zaidi watu wa Mwanza si mtihani huo. Ni kwamba dereva akishakusimamia na taa yake ya juu inawaka, sheria haimruhusu kukataa safari ya ndani ya jiji mpaka maili 12 bila sababu ya maana. Hapa kwetu mwambie dereva Buhongwa saa kumi na mbili jioni uone atakavyokumbuka ghafla kwamba gari lina tatizo.

Ila mdogo wako hajakueleza yote. Mita inakufunga ndani ya mipaka ya jiji. Ukimtaka akupeleke nje ya London, mnapatana kabla ya kuondoka, kama Nyegezi. Na kuna aina ya pili, magari ya kukodi ambayo ni lazima uyaagize kwanza kwa simu au ofisini. Hayo hayaruhusiwi kuokota abiria barabarani. Gari la namna hiyo likimsimamia usiku nje ya ukumbi na kumwita, mdogo wako asipande: dereva anavunja sheria, na likitokea la kutokea bima inaweza isimtambue abiria.

Mita inahesabuje? Inasoma mambo mawili kwa zamu. Gari likikimbia inahesabu umbali. Likijikokota inahesabu muda. New York, kwa nauli zilizopangwa mwishoni mwa 2022, unaanza na dola 3, kisha senti 70 kwa kila sehemu ya tano ya maili, ambayo ni mita 320 hivi, au senti 70 hizohizo kwa kila dakika gari likiwa kwenye msongamano. Juu yake kuna ada za usiku, za saa za msongamano na nyinginezo. Kwa hiyo bei inajulikana mwisho, na foleni ni yako. Ndiyo maana mtu aliyezoea kupatana akipanda teksi ya mita mara ya kwanza anakaa anaitazama ile namba kwenye kila taa nyekundu, roho haitulii. Dereva yeye katulia.

Usidhani New York hakuna hesabu. Ipo, tena inalipwa mbele. Dereva asiye na gari anakodi kwa zamu ya saa 12 au kwa wiki, na mamlaka ya jiji imeweka ukomo wa kiasi ambacho mwenye gari anaweza kumtoza. Hilo la ukomo natamani tajiri wa Mwanza alisikie. Lakini wao walikuja kuumia sehemu nyingine. Sheria ya mwaka 1937 ilibana idadi ya vibali vya teksi za njano, na kwa kuwa vilikuwa vichache, karibu 13,500, watu wakaanza kuviuziana kama viwanja. Kufikia 2014 kibali kimoja kilikuwa kimevuka dola milioni moja. Madereva wahamiaji wakakopa mabenki wakanunua. Zikaja programu za simu, magari yakaongezeka kwa maelfu bila kibali kile, na bei ya kibali ikaporomoka huku mkopo umesimama palepale. Baadhi walijiua. Mwaka 2021 madereva waligoma kula nje ya ofisi za jiji mpaka ukapatikana mpango wa kuwapunguzia madeni. Siku mtu akikuambia dawa ya teksi za Mwanza ni serikali kubana idadi tu, muulize kibali kitauzwa na nani, kwa shilingi ngapi.

Sweden walifanya kinyume kabisa. Tangu mwaka 1990 kila kampuni ya teksi inajipangia nauli. Teksi mbili zimeegesha pamoja, moja inaweza kutoza mara mbili ya mwenzake, na yote ni halali. Kinachodaiwa ni uwazi: kwenye dirisha kuna karatasi yenye namba moja kubwa inayoonyesha safari ya kilomita 10 ya dakika 15 ingegharimu kiasi gani kwa gari hilo. Abiria anapita, anasoma, anachagua. Mgeni asiyesoma karatasi analia hotelini. Mimi naupenda utaratibu ule kuliko wa New York, kwa sababu unamwacha dereva na bei yake ila unamnyima nafasi ya kumtajia mgeni bei tofauti na mwenyeji. Pale Nyegezi ungehitaji ubao mmoja tu ulioandikwa Kirumba, Buzuruga, Igoma, uwanja wa ndege, na bei mbele yake.

Kama umewahi kumsindikiza mgonjwa India, umeona njia nyingine. Kwenye viwanja vya ndege vya kule kuna dirisha la teksi za kulipia kabla. Unataja unakokwenda, unalipa, unapewa karatasi. Karatasi hiyo humpi dereva mpaka amekufikisha, maana ndiyo anayokwenda kudaia hela yake. Bei kabla, foleni ya dereva, na hakuna aliyebishana na mtu. Wengi wanaopigwa kule ni wale waliompa dereva karatasi mapema.

Japani nitapita haraka, ingawa Toyota Ist au Passo unayopanda hapa mjini huenda ilizaliwa kule na bado kioo chake kina kibandiko cha Kijapani. Teksi ya Tokyo ina mita, na kwa nauli zilizopangwa mwishoni mwa 2022 ilianza na yen 500 kwa mita 1,096 za mwanzo. Mlango wa nyuma anaufungua dereva mwenyewe kwa swichi, usiuguse. Bakshishi hawataki. Marekani ni kinyume chake: usipoacha asilimia 15 hadi 20 unaonekana umemdhulumu dereva.

Morocco imegawa kazi kwa namna ambayo mtu wa Kanda ya Ziwa angeielewa bila mkalimani. Teksi ndogo ni ya ndani ya mji, abiria watatu mwisho, kila mji na rangi yake: Casablanca nyekundu, Rabat buluu. Haitoki mjini. Teksi kubwa inabeba watu wasiojuana kutoka mji hadi mji na haiondoki mpaka ijae. Huo ni mchomoko, dada. Tofauti ni kwamba wao waliuandikia sheria zamani, wakati michomoko yetu kwa miaka mingi ilikuwa ikicheza paka na panya na trafiki.

Tuje kwenye programu za simu, kwa sababu utazikuta kila mahali. Jibu lake kwa maswali yangu mawili ni la ujanja. Bei unaiona kabla, kwa hiyo inafanana na kupatana, lakini aliyeipanga si wewe wala dereva. Ni kampuni, ambayo haipo barabarani, na ambayo inakata kamisheni kwenye kila safari. Dereva anabeba foleni na mafuta; kampuni inabeba asilimia. Ugomvi wote wa dunia kuhusu programu hizi uko kwenye asilimia hiyo. Kwetu, mwaka 2022 LATRA ilishusha ukomo wa kamisheni hadi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake za kawaida Aprili ya mwaka huo, na ikarudi mwaka 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya, kwa kanuni za mwaka huohuo wa 2022, waliweka asilimia 18. Ziwa moja, simu ileile, lakini dereva wa Kisumu na wa Mwanza wanakatwa tofauti. Denmark sheria ya 2017 ilidai kila gari la abiria liwe na mita, na Uber ikafunga virago. Uingereza, Mahakama ya Juu ilisema Februari 2021 kwamba madereva wake ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo. China, Uber iliiuzia biashara yake kampuni ya wenyeji, Didi, mwaka 2016.

Na wewe unajua sarakasi zake hapa. Umeita gari, dereva anapiga: "Unaelekea wapi? Unalipa keshi?" Ukimjibu Kisesa, kimya, safari imefutwa. Au anakuja, unakaa, anasema, "Sista, tuzime hii kitu tupatane, wananikata sana." Namwelewa. Lakini ukikubali, umepoteza kumbukumbu ya safari: jina la dereva, namba ya gari, njia mliyopita. Kama ni usiku na humjui mtu huyo, elfu mbili utakayookoa haitoshi. Mchana na dereva unayemfahamu, mtajuana wenyewe.

Sasa safari yako.

Kampala ndiyo itakayokuchanganya kwa sababu inafanana na kwetu. Ukisimama ukasema unataka teksi utapelekwa kwenye basi dogo la abiria 14, jeupe lenye ukanda wa vimraba vya buluu, yaani daladala. Gari la peke yako kule wanaliita special hire. Hilo unapatana kama nyumbani, na kanuni zako za Nyegezi zinafaa zote: uliza bei watu wawili kabla hujamuuliza dereva, taja bei kwa pesa ya kule usije ukachanganya shilingi yao na yetu, na weka wazi kama ni safari ya kwenda tu au na kusubiri. Foleni ya Kampala ni mbaya. Mtu mwepesi anachukua bodaboda ya programu, yenye kofia ya abiria. Ukiwa na mabegi vumilia gari. Na ukipitia Kigali, kumbuka wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa kushukia ni wa upande usiouzoea, na pikipiki inabeba abiria mmoja aliyevaa kofia. Mshikaki wetu kule hawautaki kabisa.

Dubai kupatana kumekwisha. Teksi halali ni za rangi ya krimu, paa lina rangi ya kampuni, na mamlaka ya barabara, RTA, ndiyo inayopanga nauli. Paa la pinki maana yake dereva ni mwanamke na teksi ni ya wanawake na familia. Kama unasafiri peke yako usiku, iulizie. Ukitoka nayo uwanja wa ndege wa Dubai mita inaanza na dirham 25, si mchezo wa dereva, ndiyo nauli yao ya hapo. Mkipita geti la Salik, la kulipia barabara, ada yake inaongezwa kwako, na kuvuka kwenda Sharjah kuna nyongeza. Madereva wengi wametoka Pakistan, India na Bangladesh, na wanajua mji kwa alama kuliko kwa anwani: taja hoteli, soko, au kituo cha treni kilicho karibu, maana ukisema Deira tu, mtaa huo wa biashara ni mkubwa. Kijana akikufuata ndani ya jengo la uwanja akakunong'oneza bei nzuri, mwache. Chukua risiti, ina namba ya gari. Mtu aliyesahau simu kwenye teksi akiwa na risiti ana pa kuanzia.

Guangzhou shida yako haitakuwa bei, itakuwa maneno. Mita ipo, bakshishi haipo, na dereva wa kawaida hajui Kiingereza wala hana haja nacho. Kuandika jina la hoteli kwa herufi zetu hakusaidii. Anasoma za kwao. Kabla hujatoka hotelini chukua kadi yao yenye anwani kwa Kichina, na soko unalokwenda mwombe mtu wa mapokezi akuandikie. Ile ramani uliyoizoea kwenye simu haifunguki kirahisi kule. Programu ya Didi ina sehemu ya lugha za kigeni na inatafsiri ujumbe kati yako na dereva, na malipo watu wanafanya kwa Alipay au WeChat, ambazo siku hizi zinakubali kadi za benki za nje. Yaunganishe hayo ukiwa bado Mwanza, na laini yako inapokea ujumbe wa benki. Keshi haikataliwi, lakini chenji itawasumbua wote wawili. Uwanja wa ndege wa Baiyun fuata foleni rasmi ya teksi, hata ikiwa ndefu. Wanaokuita "my friend" kabla hujafika kwenye foleni wanaitafuta ile bei ya mgeni tuliyoisema.

La mwisho ni mizigo. Teksi za miji hiyo hazikujengwa kwa marobota. Nyingine buti limeliwa na mtungi wa gesi, na huwezi kufunga kamba juu ya paa kama tunavyofanya Makoroboi. Ukinunua Xiaobei au Sanyuanli kule Guangzhou, mwachie muuza duka apeleke kwa wakala wako wa mizigo, wana magari ya kazi hiyo na bei yao mnapatana dukani kabla hujalipia bidhaa. Kwenye teksi panda na sampuli, pesa na pasipoti.